Tiba ya mazungumzo iliyokatwa kwa kipimo changu: miezi tisa Mikocheni

Mimi ni fundi wa nguo za kike. Nina karakana yangu Sinza, Dar es Salaam, tangu mwaka 2010, cherehani mbili, ovaloki moja na mabinti wawili wanaonisaidia. Naandika kuhusu huduma niliyoilipia kwa fedha yangu mwenyewe: tiba ya mazungumzo kwa mwanasaikolojia mmoja aliyeko Mikocheni, kwenye kituo kidogo chenye vyumba vitatu. Aliniomba nisimtaje, kwa sababu chumba cha kusubiria ni kimoja na hataki wateja wake watambuane mitandaoni. Nimeheshimu hilo. Mengine yote nitayasema, bei ikiwemo, kwa kuwa mimi nilipokuwa natafuta msaada sikupata mtu wa kunieleza.

Kilichonipeleka ni mfuko wa vitenge. Mwezi wa sita mwaka 2023 kamati ya sendofu iliniletea vitenge vya magauni 26, sare moja, kila mwanamke na mshono wake. Walitanguliza nusu ya malipo. Niliwapima wote, nikaandika vipimo, nikausukuma mfuko chini ya meza ya kukatia. Ukakaa pale wiki tatu. Kila asubuhi nilifungua karakana nikisema leo nakata, na kila asubuhi nilifanya jambo lingine: nilibadilisha zipu ya suruali ya jirani, nilifagia, nilipanga nyuzi kwa rangi. Mkono haukwenda kwenye ule mfuko. Simu ya mwenyekiti wa kamati ikiita, naifunika na kitambaa. Waliokuwa wananiona walisema ni uvivu, wengine wakasema ni kiburi cha fundi mwenye wateja wengi. Nami nilijisema hivyohivyo, tena kwa maneno makali kuliko yao.

Usiku nilikuwa naamka saa nane, moyo unakwenda mbio, viganja vimelowa. Nikajua ni presha. Nilikwenda hospitali mara mbili. Kipimo cha moyo kikatoka safi, presha iko sawa. Daktari wa zamu akaniambia, "Mama, punguza mawazo." Nilisomewa dua pia, na nashukuru kwa dua zile. Mama yangu alikuja akalala kwangu wiki nzima. Wote walinitendea wema. Ila yanapunguzwaje, hayo mawazo, hapakuwa na wa kunionyesha.

Kabla ya Mikocheni nilipita kwa mshauri mwingine, mahali ambapo sitapataja. Vikao vinne, shilingi 40,000 kila kimoja. Kila mteja alipewa karatasi zilezile, za Kiingereza, zilizotolewa kopi mpaka herufi zimefifia. Simu yake iliita katikati ya kikao akapokea. Nilipomweleza habari za magauni aliniambia nifikirie chanya na kila asubuhi nijiambie kwenye kioo kwamba mimi ni mshindi. Nilijaribu siku tano. Nilikuwa nasimama mbele ya kioo nikijua kabisa kwamba kuna wanawake 26 wanasubiri nguo na sijakata hata moja. Maneno yale yalinifanya nijione mwongo juu ya kuwa mdaiwa. Niliacha, na kwa miezi miwili niliamini kwamba tiba ya namna hii ni ya watu wengine.

Aliyenipeleka Mikocheni ni mteja wangu, mwalimu wa sekondari, aliyeniona nikitetemeka nilipokuwa nampima kiuno.

Siku ya kwanza ni dakika 90, shilingi 70,000. Zinazofuata ni dakika 50 kwa shilingi 50,000. Bima yangu haikulipia. Koridoni kuna redio inayowashwa kwa makusudi, na chumbani feni kubwa, ili aliye nje asisikie maneno ya aliye ndani. Nililiona hilo kabla sijaketi, na lilinipa moyo wa kusema.

Alinipa karatasi mbili za maswali, kwa Kiswahili. Moja ina maswali saba ya wasiwasi, nyingine maswali tisa ya sonona. Zinatumika nchi nyingi na wenyewe huziita GAD-7 na PHQ-9. Unajibu kuhusu wiki mbili zilizopita: hali hii haikukusumbua kabisa, siku chache, zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku. Kila jibu lina alama, kuanzia sifuri hadi tatu. Kwenye wasiwasi nilipata 16 kati ya 21. Kuanzia 15 huhesabiwa kuwa ni mkali. Kwenye sonona nilipata 13 kati ya 27, ambayo ni ya wastani.

Swali la tisa la sonona linauliza kama umewaza kwamba afadhali ungekufa, au kujidhuru. Nilijibu "siku chache". Aliweka kalamu chini. Tulikaa kwenye swali hilo dakika ishirini nzima: yanakuja saa ngapi, kuna jambo lolote nimelipanga, nyumbani nalala na nani. Tuliandika pamoja nitampigia nani usiku, na hospitali ipi nitakwenda bila kusubiri miadi yake. Nilikuwa sijawahi kuulizwa jambo lile uso kwa uso. Nililia pale kwa mara ya kwanza tangu ule mfuko uingie karakana. Wewe unayesoma, kama mawazo hayo yako nawe leo, usitafute miadi ya wiki ijayo. Mwambie mtu aliye karibu, nendeni hospitali sasa hivi.

Baadaye akaniuliza, "Dada, wewe mwenyewe hali hii unaiitaje?" Nikamwambia kichwa kimejaa. Akanisimulia kwamba Zimbabwe wana neno la Kishona, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, na kwamba Dokta Dixon Chibanda wa Harare alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaani waliokaa kwenye benchi na wagonjwa wakizungumza kwa neno hilo wanalolielewa wote. Benchi hizo zimefika hadi Zanzibar. Tangu siku ile, kwenye faili langu tatizo liliandikwa "kichwa kujaa". Mnaweza kuliona ni jambo dogo. Mimi nilijiona nimepimwa, sikuchukuliwa kama wa saizi ya kati.

Na kabla hajanipangia lolote alinituma maabara kupima tezi ya shingo na wingi wa damu, kwa sababu tezi ikifanya kazi kupita kiasi moyo hukimbia na mikono hutetemeka, mtu akadhani ni wasiwasi. Tezi ilikuwa sawa. Damu ilikuwa 10.1, wakati mwanamke anatakiwa afike 12. Nilimeza vidonge vya madini ya chuma miezi mitatu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Kikao cha tatu alichora kwenye karatasi hofu zangu zote tulizozitaja, kisha akaniomba tuzigawe mafungu mawili: zinazosema kweli na zisizosema kweli. Sikuwahi kufikiria kwamba hofu inaweza kusema kweli. Kule nilikotoka, hofu zote zilikuwa uongo wa kufukuzwa kwa maneno mazuri.

Hofu ya moyo ilikuwa fungu la uongo. Nilikuwa nikisikia moyo unadunda naamini nakufa, hofu inaongezeka, moyo unadunda zaidi. Aliniambia mduara huo ulielezwa vizuri na mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, mwaka 1986: mwili unatoa ishara ya kawaida, akili inaisoma kama hatari. Lakini hakuniacha na maelezo. Tulisimama, akaniambia nipumue haraka haraka kwa dakika moja, naye akipumua pamoja nami. Kichwa kikazunguka, vidole vikafa ganzi, moyo ukaenda mbio vilevile kama saa nane usiku. Kisha tukaketi tukaungoja. Ulishuka wenyewe kwa dakika nne. Nilihesabu kwa saa ya ukutani. Tulirudia mara tatu. Wiki iliyofuata kazi yangu ilikuwa kupanda daladala ya Mwenge kwenda Kariakoo, ambayo nilikuwa nimeikwepa tangu niliposhikwa na hofu humo na kushuka Magomeni nikidhani ndiyo mwisho wangu. Nilipanda. Moyo ulikimbia. Sikushuka. Nilifika Mtaa wa Kongo nikanunua bitana, nikarudi kwa gari lilelile. (Alinipima kwanza nikiwa na majibu ya hospitali mkononi. Mwenye ugonjwa wa moyo au pumu asijifanyie hivi nyumbani.)

Hofu ya oda ilikuwa fungu la kweli, na hapo ndipo kazi kubwa ilipokuwa. Aliniuliza gauni moja la kitenge linanichukua muda gani. Nikamjibu bila kufikiri: saa tatu. Hakubisha. Akaniambia nipime kwa simu, magauni matano, kuanzia kutandika kitambaa mpaka pasi ya mwisho. La kwanza saa tano na dakika 40. La pili saa tano na dakika 10. Hakuna hata moja lililoshuka chini ya saa nne na nusu. Miaka 13 nilikuwa nakubali oda kwa saa ambazo hazipo. Mimi na mabinti zangu tukifanya kazi vizuri tunatoa magauni mawili kwa siku, kumi na mawili kwa wiki ikiwa umeme haujakatika. Mimi nilikuwa napokea ishirini. Kile kilichokuwa kinaniamsha saa nane kilikuwa kinajua hesabu kuliko mimi.

Nilikaa na daftari lile nikatulia. Sikuwa mvivu. Nilikuwa nimebebeshwa, na aliyenibebesha ni mimi mwenyewe kwa kutojua kukadiria muda.

Hapo akanifungulia mlango wa tatu, ambao hata sikujua una jina. Alisema kuna uwezo wa akili wa kujisimamia: kuanza jambo, kulipanga hatua, kushika mambo mawili matatu kichwani kwa wakati mmoja, kukadiria muda, kuacha hili ushike lile. Mtu anaweza kuwa na akili nyingi na mikono mizuri, na uwezo huu ukawa mdogo tangu utoto. Aliomba ruhusa akazungumza na mama yangu kwa simu. Mama akamwambia, "Huyo ukimtuma chumvi anarudi na kibiriti, tangu ana miaka saba." Aliponieleza nilicheka na kulia pamoja. Nimepigwa sana kwa chumvi ile, na mama alipoelewa sababu alikuja Sinza akaniomba radhi. Mwanasaikolojia wangu hatoi dawa, akaniandikia barua kwa daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Daktari alikubaliana na alichokiona mwenzake, akanieleza dawa zilizopo, na tukaafikiana niendelee kwanza na mazungumzo. Sikulazimishwa upande wowote.

Mambo tuliyoyafanya kwenye kujisimamia ni madogo sana kuyasimulia, lakini ndiyo yaliyonirudishia karakana. Kila oda sasa ina karatasi yake ubaoni: jina, tarehe ya kuchukua, na tarehe ya kukata, ambayo zamani sikuwa naiandika kabisa. Neno "kukata" tulilivunja, kwa sababu ndilo lililokuwa likinigandisha. Hatua ya kwanza ni kutoa kitambaa mfukoni. Basi. Ya pili ni kukipiga pasi. Na hatua ya kwanza tuliifunga kwenye jambo ambalo tayari nalifanya kila siku: nikishazima jiko la chai, natoa kitambaa mfukoni. Siku ya kwanza nilitoa nikakiacha mezani, sikufanya zaidi. Akaniambia hiyo ndiyo kazi tuliyokubaliana, na nimeimaliza. Siku ya nne nilikata bila kujiuliza.

Si kila alichokishona kilinikaa. Alinipa karatasi ya kujaza kila siku: tukio, wazo, hisia, ushahidi. Wiki tatu nilirudi mikono mitupu, na mara ya tatu nilikasirika, nikamwambia sijui kujaza mafomu, ningekuwa najua ningekuwa karani. Hakunilaumu, hakunihubiria. Alisema karatasi ndiyo imekosea. Ndivyo ninavyofanya mimi gauni likikataa kupita mabegani: silaumu mabega, nafumua. Badala ya kuandika nikawa najirekodi kwa simu nikiwa njiani kurudi nyumbani, dakika mbili, na kikao kikianza tunasikiliza pamoja. Kusikia sauti yangu mwenyewe ikisema "mimi sifai kitu" kwa sababu ya pindo lililopinda kulinigusa kuliko karatasi yoyote.

Vivyo hivyo saa ya wasiwasi. Utaratibu ni kwamba wasiwasi ukija unauandika pembeni, unaungoja muda wake maalumu, dakika 15 kwa siku, mbali na muda wa kulala. Alinipangia saa kumi na moja jioni, saa ambayo karakana hujaa wateja waliotoka kazini. Ilishindikana kabisa. Tukahamishia saa saba mchana, mabinti wakiwa wamekwenda kula, nami nikiwa nimemaliza kuswali adhuhuri. Sasa nakaa na daftari, nawasiwasika kwa haki yake, nafunga. Usiku wasiwasi ukibisha hodi nauambia saa saba.

Yapo nisiyoyapenda, nayasema kwa kuwa nimelipa. Dada wa mapokezi alikuwa anaita majina kamili kwa sauti mbele ya wote. Siku moja alipoita langu, mbele yangu ameketi mama wa kamati ya harusi ninayemfahamu. Nilirudi nyumbani bila kuingia. Niliwapigia nikalalamika, wakaomba radhi, na wiki iliyofuata walianza kutumia namba. Jumamosi hazipatikani bila kuweka miadi mwezi mzima kabla, na sisi wenye kazi za mikono Jumamosi ndiyo siku. Dakika 50 huisha mtu akiwa ndiyo kwanza amefunguka. Vikao viwili vya simu, nilipokuwa msibani Tanga, sikuvipenda. Mtandao ulikatika mara kwa mara na kunyamaza kwake sikujua ni kunisikiliza au ni simu imekatika.

Na bei. Vikao 17 kwa miezi tisa, jumla shilingi 870,000. Mimi gauni la kitenge nashona kwa 60,000, kwa hiyo ni magauni kumi na manne na nusu. Ni fedha nyingi. Mabinti wanaoshona pamoja nami hawawezi kuilipa, na linaniumiza, kwa sababu mmoja wao naona anapita njia niliyopita mimi. Nilimuuliza mwanasaikolojia wangu. Ana nafasi mbili kila wiki za bei ya chini kwa wasio na uwezo, lakini hazitangazwi, lazima uulize. Uliza.

Kila kikao cha nne alinipa zile karatasi mbili upya. Wasiwasi ulikwenda 16, 14, 14, 9, mwisho 6. Sonona kutoka 13 hadi 5. Ile 14 iliyojirudia ndiyo iliyomfanya abadilishe mpango: aliniambia wazi kwamba tunachofanya hakijatosha, tukahamia kwenye kupima saa za magauni. Fundi anayekubali kufumua mbele ya mteja, mimi namwamini.

Magauni ya sendofu? Nilikuwa nimetoa 19 kwa wakati, kwa kukesha na kwa machozi. Saba nilimpa fundi mwenzangu wa Manzese nikamlipa mimi, na wateja saba wale nimewaomba radhi mmoja mmoja. Wanne wamerudi kwangu. Bado ninachelewa mara nyingine. Wiki ya mwisho ya Ramadhani mwaka huu usingizi ulinikimbia tena siku tatu, oda za Idi zilipozidi ubao. Lakini niliufunga ubao kwenye oda kumi kwa wiki, na aliyekuja wa kumi na moja nilimwelekeza kwa mwenzangu. Sauti ilitetemeka nilipomwambia. Nilimwambia.

Sasa nakwenda mara moja kila baada ya miezi miwili. Ukienda mara ya kwanza, kula kabla, dakika 90 ni ndefu kwa tumbo tupu. Beba majibu yoyote ya hospitali uliyonayo, na orodha ya dawa unazomeza. Usiende na gari, hakuna pa kuegesha. Bajaji ya kutoka Mwenge inakushusha mlangoni. Baada ya kikao kaa kidogo kwenye kiti cha nje kabla ya kurudi kazini. Mimi hukaa mpaka chai inayouzwa pale kona iishe kikombeni.